Wifi anataka nimwandikishe bintiye kama mtoto wa kwetu Lindi

Admin, jina langu lifiche, mtaa uache tu, Mtoni tuko wengi. Mie ni mama wa miaka arobaini na mbili, nina mume, watoto watatu na genge la mboga. Nina pia wifi mmoja, dada wa mume wangu, anakaa Msasani. Najua ukurasa huu anausoma. Na asome.

Mwanangu wa kwanza ana uoni hafifu, maandishi ya kawaida mpaka abandike karatasi puani. Alipofika kidato cha nne nilihangaika hospitali na shuleni mpaka akaandikishwa apewe mtihani wa maandishi makubwa na muda wa kuongezwa. Maswali yalikuwa yaleyale ya wenzake, hakuna aliyemnong'oneza jibu. Alifaulu, sasa yuko kidato cha tano.

Basi siku ya Idi, mbele ya ukoo mzima, wifi akasema, "Hongera, japo mtihani wenyewe wa kubebwa. Sie kwetu macho hayo hatuna, yametoka Lindi kwa mama yake." Watu wakacheka. Mume wangu alikuwa anatafuna pilau, akaendelea kutafuna. Wifi akaongezea hadithi yao ya marehemu baba yao, muuza vitambaa, eti alikuwa bwana mkubwa kiasi kwamba barua hasomi mwenyewe, anasomewa, na kitambaa anakijua kwa kupapasa tu. Hiyo hadithi naisikia tangu nimeolewa, na kila wakiisimulia wananyoosha shingo.

Binti wa wifi alifanya mtihani mwaka huohuo, akapata ziro. Mtoto alikuwa anasema haoni vizuri, anaambiwa asijitie ugonjwa, mvivu mkubwa. Mwezi uliopita walikuja wageni kumtazama kwa ajili ya kijana wao, binti akamimina chai nje ya kikombe, ikamwagikia mama wa kijana. Hapo ndipo wifi alipomkimbiza kwa daktari wa macho. Ziro haikumuuma, imemuuma chai.

Daktari kasema ni ugonjwa uleule wa mwanangu, unatembea kwenye ukoo, akauliza nani mwingine alikuwa nao. Mume wangu aliponieleza nikamkumbuka yule mzee na vitambaa vyake. Ukubwa gani jamani. Mzee wa watu alikuwa haoni, na wao miaka yote wanatuuzia sie upofu kwa bei ya heshima.

Wiki iliyopita wifi akaja kwangu na bintiye, yeye ambaye hata maji ya kwangu hanywagi. "Wifi yangu kipenzi," kaanza. Anataka binti arudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, kituo cha huku Temeke, akae kwangu, na mie ndiye nikamwombee maandishi makubwa. "Kituoni sema ni mtoto wa dada yako wa Lindi," kasema. "Wewe mwenzangu aibu ushaizoea."

Nikamuuliza, "Wangu alibebwa. Wako je, atatembea mwenyewe?" Akaangalia feni. Kisha akasema nikitaja jina lake kituoni tu, binti anarudi Msasani siku hiyohiyo na habari ya mtihani imekwisha.

Simu yake ikaita, akatoka nje. Binti alikuwa amekaa mkekani, akanivuta kanga. "Anti, mie sijali utasema mtoto wa nani. Mie nataka nilione swali." Nikaenda kuchochea jiko lisilohitaji kuchochewa.

Sasa dirisha la kujiandikisha linafungwa wiki hii. Nikisema ukweli, mtoto wa watu anakosa mtihani mara ya pili kwa kiburi cha mama yake. Nikidanganya, nawatwika dada yangu na Lindi yangu macho ambayo si yetu, na mwanangu atanisikia nikiyaficha yaleyale niliyomfundisha asiyaonee haya.

Nishaurini. Ila asije mtu hapa kuniambia nimsamehe wifi, hilo sijauliza. Nimeuliza hivi: huyu binti nikamwandikishe mtoto wa nani?