Nilivyozamisha Mahindi Bomeni

Shule nilikaa mwaka mmoja tu, tena nusu yake nilikuwa machungani na mbuzi. Lakini leo ukianza kulizunguka shamba langu hapa Bomeni utachoka kabla hujafika mpakani. Kwa hiyo anayekueleza kosa hili si mvivu wala si mtu wa kubebwa.

Nilizaliwa milimani Taita. Kwetu maji yalishuka kwa mfereji mwembamba uliochongwa ubavuni mwa mlima, na kila nyumba ilikuwa na siku yake. Zamu yako ikifika, unafungua alfajiri na kufunga jua likitua, tone lisikupite, maana zamu nyingine iko mbali na udongo wa mteremko haukai na maji. Aliyefunga mapema alichekwa.

Baada ya vita vya Mjerumani, nikiwa nimechoka kubeba mataruma ya reli pale Voi, nilishuka Taveta na mke wangu. Mzee mmoja wa Bomeni akanipa kipande cha shamba kando ya mfereji unaotoka mto Lumi. Sharti lake lilikuwa fupi: nikivuna msimu ule nitakaa, nikishindwa atampa mwingine. Na mimi sikuwa na pa kurudi. Milimani ndugu zangu walikuwa wameshagawana hata kile kishamba cha ukingoni nilichokiacha.

Mahindi yaliota vizuri. Zamu ya kwanza nikafungua alfajiri, nikasimama na jembe langu mpaka jioni, shamba zima likang'aa maji. Majirani walifungua, wakangoja yafike mwisho wa tuta, wakafunga wakaenda zao. Mke wangu akaniuliza mbona tumebaki peke yetu. Nikamwambia hawa hawajui thamani ya maji.

Kufikia zamu ya tatu mahindi yalikuwa ya manjano. Nikadhani ni kiu, nikaongeza. Jirani yetu, mama mmoja mjane, akaja akasimama mpakani, jembe begani.

"Mgeni, hapo umepanda mahindi au unafuga kambare?"

"Yana kiu, mama."

"Kiu? Hebu ng'oa moja unuse."

Niling'oa. Mizizi ilikuwa myeusi, inanuka tope la kinamasi. Akanieleza kwamba udongo wa huku, mzito na tambarare, hunywa mara moja ukatosheka siku nyingi. Ninachozidisha kinaozesha mizizi tu. Aliyasema mbele ya majirani waliokuwa mferejini, nao walicheka mpaka wengine wakaketi chini.

Mtu mwingine angefunga mzigo. Mimi kesho yake nilianza kuchimba mtaro wa kutoa maji, kutoka katikati ya shamba hadi bondeni. Siku tisa, mimi na mke wangu, udongo ukinata kwenye jembe kama ulimbo. Mahindi ya katikati yalikufa yote. Tukayang'oa, na ardhi ilipokauka kiasi tukapanda maharagwe kwa unyevu uliobaki. Zamu yangu ikafika, sikufungua. Ikafika tena, sikufungua. Usidhani ni kazi rahisi. Kwa mtu wa milimani, kuyaacha maji yapite mbele yake siku ya zamu yake ni kama kuondoka mezani na njaa.

Maharagwe yalipofunga maganda, mzee akaja. Hakunisalimu sana. Alichomeka fimbo yake ardhini, akaichomoa, akaitazama ncha.

"Nani alikwambia usifungue?"

"Mahindi yaliyokufa, mzee."

Akatembea tuta kwa tuta, akavunja ganda moja, akala maharagwe mabichi akiwa amesimama. Mke wangu alikuwa ameacha kupalilia, anamtazama mdomo.

"Kaa," akasema. "Lakini nikikuona tena mferejini mpaka jioni, nitakurudisha Voi kwa miguu."

Siku ile ile nilikwenda kwa yule mama mjane kuomba machipukizi ya migomba. Mahindi hata mpita njia hupanda. Mimi nilitaka kitu cha miaka. Jua lilipotua yalikuwa ardhini, matatu, nami nilikuwa nimeyamwagilia maji kata moja moja tu.