Waliopishwa Kwenye Foleni ya Tunduma

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkwajuni, niliingia ofisini na viatu vipya, nikidhani utafiti wa saikolojia ni kuwafungia watu chumbani na kuwapima akili. Msimamizi wangu, mama mmoja mkali aliyekunywa chai bila sukari, alinicheka waziwazi. Akanieleza kuwa yapo mambo mtafiti hana ruhusa ya kuyatenda. Huwezi kuvunja daraja ili uone watoto waliokosa shule watakuwaje. Ila mto ukilivunja wenyewe, ukawaacha wengine ng'ambo hii na wengine ng'ambo ile, unakwenda mbio na maswali yako. Hilo ndilo jaribio la asili: mgawanyo umefanywa na tukio, si na wewe.

"Lakini kabla hujauliza yaliyowapata," alinionya, "uliza nani kaingia upande upi, na kwa nini. Watu wakijigawa wenyewe, huna jaribio hapo."

Nilikwenda na maneno hayo hadi Chitete, chini ya Mratibu aliyependa ripoti fupi na safari ndefu, kisha nikahamishiwa Tunduma.

Huko bosi wangu alikuwa Mkurugenzi wa Mradi, mdogo kwangu kwa umri, mwepesi wa hesabu na mwepesi wa hasira. Tulitaka kujua kama kungoja kwenye foleni ya malori mpakani kunawaumiza madereva akili. Mradi ulikuwa na kibanda cha mapumziko kando ya foleni, na ndani yake mnasihi, yaani mtu wa kumsikiliza mwenye mzigo moyoni. Wafadhili walishasema: ikionekana foleni haidhuru, kibanda kinafungwa.

Asubuhi moja lori la mafuta likapinduka mbele kidogo ya geti, upande wa Zambia, likaziba njia. Waliotangulia walikuwa wameshavuka, waliobaki wakakwama kwa siku kadhaa. Mkurugenzi alipiga makofi, maana mgawanyo tuliupata bure. Mwenzangu aliwahoji waliovuka, kule Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Mimi niliwahoji waliokwama.

Miongoni mwao alikuwa Athumani, mtu wa Tanga.

"Mama, usingizi umenikimbia," aliniambia. "Jana nimeshuka kwenye gari nikaanza kutembea porini, sijui hata naenda wapi. Mnasihi ndiye kanifuata, kanirudisha."

Tangu hapo alikuwa akishinda kibandani. Nilimwogopea sana.

Majibu yalipojumlishwa, waliovuka walionekana na msongo mkubwa kuliko waliokwama. Mkurugenzi akafurahi.

"Basi, foleni haidhuru. Kesho natuma ripoti, kibanda kifungwe."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilikumbuka swali la Mkwajuni: nani kaingia upande upi, na kwa nini? Niliondoka bila kuaga, nikatembea kando ya malori hadi nikampata Athumani ameketi kibandani na kikombe cha uji.

"Baba, siku ile lori lilipopinduka, wewe ulikuwa wapi kwenye foleni?"

"Getini kabisa, mama. Ila si nilipisha?"

"Ulimpisha nani?"

"Wale madereva Wazambia wenye msiba. Ndugu yao, dereva mwenzetu, alianguka hapahapa akafa, wakawa wanakwenda kuzika. Foleni nzima tuliwapisha. Wanapita wanatupungia, 'natotela, natotela', wanashukuru huku wanalia. Mwenye msiba hangoji, mama. Barabarani ndiyo heshima yetu."

Nilirudi ofisini mbiombio, na umri wangu ule.

"Mkurugenzi, waliovuka ni wafiwa! Tumelinganisha wanaongoja na wanaoomboleza. Lori halikuwagawa, walishajigawa wenyewe."

Akasema kwa ukali, "Sasa unataka niandike nini? Kwamba hatujui?"

"Ndiyo. Andika hatujui."

"Nitachekwa, Mama Neema."

"Utachekwa. Na ukifunga kibanda, yule dereva wa Tanga akirudi porini nani atamfuata?"

Alinitazama kwa chuki kweli. Halafu akavuta kiti, akafuta alichoandika, akaanza upya. Kibanda kikabaki wazi kungoja utafiti mwingine, na njia ilipofunguka Athumani alivuka akiwa mzima. Nililia kwa furaha, sioni aibu kusema.

Siku hizi nimestaafu, niko kwetu Nanyala na kahawa yangu. Vijana mnanijia na kompyuta zenu, mmejaa hesabu, nami nawauliza swali lilelile la Mkwajuni, mpaka mmenichoka.

Mwaka huu mdogo wangu alifariki Nakonde. Tulipokuwa tunamrudisha nyumbani tuliikuta foleni, malori hadi macho yanapoishia, nikajua tutalala pale na maiti. Dereva wetu akafunga kitambaa chekundu cha msiba mbele ya gari. Lori la kwanza likasogea pembeni, la pili likafuata, kisha mengine yote, na madereva wakashuka wakavua kofia.

Nilitoa mkono dirishani. Natotela, niliwaambia, natotela, hadi getini.