Miche Niliyoipanda Siku ya Bamvua

Mimi Hamdu wa Chundwa nimekata boriti miaka thelathini na minane, na ndimi niliyeua miche mia nne ya mikoko. Wallahi, ukinikuta njiani usinitazame usoni. Bado naona haya.

Hori letu, mkono wa bahari uingiao nchi kavu, lilikuwa limebaki visiki vya mikoko, na vingi ni vya shoka langu. Alipokuja Bwana Jabez, kijana wa bara aliyeletwa kusimamia upandaji, akauliza nani analijua hori vizuri. Nikanyanyua mkono hata hajamaliza. Tulikubaliana mambo mawili: mikoko irudi, na njia ya kwenda Uwandani ibaki wazi. Uwandani hapana mwenyewe. Wanawake hupunga upepo alasiri, watoto hucheza mpira, na siku ya Idi mji mzima huhamia huko.

Nikachagua mahali kando ya njia, nikapanda miche siku ya bamvua, maji makuu yamejaa tele hadi hapo. Mke wangu Rahima, anayepita pale kila siku na kuni kichwani, akanambia, "Bamvua likisha, hapa hapaingii maji siku saba. Miche hii itakufa kiu."

"We mwanamke, utanifundisha mimi hori?"

"Haya, mwalimu," akasema, akaenda zake.

Nami kweli nilikuwa sijui, hilo ndilo linaloniuma. Mkata boriti huingia horini siku za bamvua tu, mashua ipate kuelea hadi ndani. Maji yakiwa mafu, yasiyopanda juu, mimi ni baraza na kahawa. Miaka yote hiyo sijapata kupaona pale pakiwa pakavu!

Miezi miwili haikwisha, miche yote ikakauka. Bwana Jabez akaja kuniuliza kulikoni. Ulimi hauna mfupa: nikamwambia wanawake na watoto wanaikanyaga. Nilidhani atawakemea tu, yaishe. Kumbe akaamua njia ifungwe kwa ua miaka mitano, na boriti za ua nizikate mimi!

Akaitisha mkutano palepale njiani, baada ya sala ya alasiri. Kelele zikawa nyingi, kila mama akiapa kwamba mwanawe hakukanyaga kitu. Rahima akasimama, akaivuta leso yake.

"Bwana Jabez, ndimi niliyeikanyaga. Napita na mzigo, sioni chini. Nikatazeni mimi peke yangu. Ndia msiwafungie wana wa watu."

Uongo mtupu! Rahima huyo hata kaa akimkuta njiani humpisha. Wenzake wakamgeukia. "Yaani kwa kuni zako, Bi Rahima, watoto wetu wakose pa kuchezea?" Hakunitazama hata kidogo. Alikuwa ananisitiri, mimi niliyemfukuza kwa maneno. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nikasimama. "Huyu hakukanyaga kitu," nikasema. "Wala watoto wenu. Nimepanda pasipofika maji. Alinambia, nikamdharau, kisha nikawasingizia nyinyi."

Obeid, mkata boriti mwenzangu, akaguna, "Miaka yote hiyo, Hamdu!" Afadhali angenizaba kofi.

Bwana Jabez akafunga daftari lake. "Basi hapana ua," akasema. "Lakini nani anajua maji yanapofika kila siku?"

Macho yote yakamwendea Rahima.

Siku ya maji mafu tukashuka horini, yeye mbele, mimi nyuma na kikapu cha miche, matope hadi magotini. Wanawake waendao Uwandani wakapita njiani juu yetu.

"Bwana Hamdu! Leo mashua umeiacha wapi?"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikainamisha kichwa, nikachomeka kidole topeni.

"Hapa?" nikamuuliza mke wangu.

"Si hapo," akasema. "Njoo huku."