Mafundi wa Fomu

Nilikuwa karani wa muda katika ofisi ya ujenzi pale Mtwara, na katika barua yangu ya ajira neno "muda" lilikuwa limepigiwa mstari mara mbili. Nikimaliza miezi sita bila kosa, ningethibitishwa kazini. Nikikosea, ningerudi Likombe kwa mama kumenya mihogo, kazi ambayo niliifanya vibaya, na mama hakuwa mtu wa kuficha maoni yake. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, taipureta yenye herufi "k" iliyolegea, na dharau ya kuwatosha watu wengi.

Mkubwa wangu, ambaye kila mtu alimwita Bwana Ujenzi, alikuwa ananisifu mbele ya wageni kwa jinsi nilivyopanga mafaili. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Siku moja alisafiri kwenda Lindi mkutanoni, akaniachia karatasi juu ya meza: "Ndugu Karani, nitafutie mafundi wa fomu sita kwa ajili ya zahanati. Wawe wazoefu. Narudi Alhamisi."

Zahanati yenyewe ilikuwa inajengwa katika kijiji kipya cha ujamaa, kule karibu na mahali mto Ruvuma unapoingia baharini. Watu walikuwa wameshahamishiwa huko, ila vitu vingine vyote vilikuwa bado njiani. Kuta zilikuwa zimefika usawa wa juu ya milango, zikasimama hapo. Saruji ilikuwa imepatikana baada ya barua nyingi, mifuko arobaini, imepangwa stoo kwetu, na saruji ya pwani haina subira. Mvua zikianza kabla haijatumika, ingeganda mle mle mifukoni, na kijiji kingepelekewa mawe arobaini yenye umbo la mto wa kulalia.

Sasa mimi fomu nilizijua. Kabati zima lilijaa fomu. Kila kitu kilichokwama katika ofisi yetu kilikwama kwa sababu mtu fulani alijaza fomu vibaya, na mara nyingi nilimjua mtu huyo. Kwa hiyo niliposoma "mafundi wa fomu" sikushangaa hata kidogo. Nilifurahi kwamba hatimaye wakubwa wameliona tatizo. Nikapiga tangazo kwa taipureta, nikalibandika mlangoni: wanatakiwa mafundi wa fomu sita, wazoefu, wafike dirishani na kalamu zao. Hizo kalamu niliziongeza mwenyewe, kwa kutumia akili.

Wa kwanza kufika alikuwa mzee wa makamo kutoka Mikindani, kofia safi, kikapu cha ukili begani, na ndani ya kikapu mpini wa msumeno. Nyuma yake walikuwa wenzake wawili wenye nyundo. Tangazo hawakulisoma, walilisikia kwa watu. Nilimwamkia bila kuinua macho.

"Marahaba, mwanangu. Nnasikia mwataka mafundi wa fomu."

"Ndiyo."

"Basi mie ndiye."

Nikamsukumia fomu ya ajira. Aliitazama mbele, akaigeuza, akaitazama nyuma.

"Hii nini?"

"Si fomu?"

"Aa," akasema. "Fomu hii." Akawatazama wenzake, akatabasamu kidogo kama mtu aliyeletewa sahani ya mwenzake. Lakini alikuwa mtu wa adabu. Aliomba kalamu, akainama, akaandika jina lake taratibu kwa herufi za Kiarabu, kuanzia kulia kwenda kushoto, mwandiko mzuri wa mtu aliyekaa chuo cha Kurani utotoni na akapigwa ipasavyo.

Ningeweza kuuliza. Badala yake nilimwambia, "Mzee, hii si fomu ya msikitini. Jina liandikwe kwa herufi za serikali. Na saini ya mtu haibadiliki. Leo uandike hivi, kesho vile, ofisi itakujuaje?"

"Ofisi hainijui hata sasa," akajibu.

Kwenye nafasi ya maelezo nikaandika "hajui kusoma," nikagonga muhuri. Wenzake wawili walipoona hivyo hawakusogea hata dirishani. Wakaondoka wote watatu, nyundo zikigongana.

Jioni ile nikawa nimepata vijana sita, wote wamemaliza darasa la saba, miandiko yao imelala upande mmoja kama mpunga uliopigwa na upepo. Mmoja alishawahi kuandika barua za posa za mtaa mzima. Nilijivunia sana.

Alhamisi Bwana Ujenzi alirudi akawakuta wamejipanga barazani, mashati yamepigwa pasi.

"Nyundo zenu ziko wapi?"

Wakatazamana. Yule mrefu akainua kalamu yake. Mwingine, akidhani anasaidia, akatoa rula. Ilikuwa ya mbao, na kwa upande wa useremala ndiyo yote tuliyokuwa nayo.

Bwana Ujenzi hakupiga kelele. Alinieleza polepole, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mgonjwa, kwamba zege likiwa bichi ni uji. Ili lisimame, fundi anapigilia mbao kama sanduku, zege linamwagwa ndani, likishakauka mbao zinabanduliwa. Sanduku hilo ndilo fomu. Kisha akauliza kama hakufika mtu yeyote mwenye msumeno. Nikampa fomu yenye muhuri wangu. Yeye herufi za Kiarabu alizisoma bila shida, babu yake alimfundisha.

"Huyu ndiye aliyepiga fomu za gati," akasema. "Lile gati la bandarini, unaloliona pale, limesimama kwa mbao zake." Akatazama nje. Upande wa bahari wingu lilikuwa limeanza kujenga. "Umlete kesho. Usipomleta, usije na wewe."

Nilimkuta Mikindani nyuma ya nyumba yake, anaweka bawaba kwenye mlango wa choo. Safari hii nilimwamkia vizuri, na magoti nilipiga. Aliendelea na bawaba.

Niliomba radhi kwa maneno niliyoyapanga njiani. Nilitaja mvua, saruji, na akina mama wanaojifungulia sakafuni. Nilipofika kwenye habari ya kuthibitishwa kwangu kazini sauti ilinikatika, na wala sikuwa naigiza.

"Ntakuja," akasema mwishoni. "Lakini gati lile nilipiga fomu miaka miwili, jina langu halimo. Dirishani kwako pia halikuingia. Hapo zahanati, juu ya mlango, nnataka liwemo."

"Kwa Kiarabu?"

"La Kiarabu nnalijua. Nnataka lile la serikali. Wewe utaniandikia."

Sikuwa na ruhusa ya kuandika jina la mtu kwenye jengo la umma. Nikasema sawa.

Alikuja na wenzake wawili, na wale vijana sita wa kalamu tukawapa kazi ya kubeba mbao, wakaifanya vizuri tu. Siku ya tatu gari la ofisi lilinipeleka kijijini na kipande cha chaki. Ubao wa mbele wa fomu ya juu ya mlango ulikuwa umelazwa chini kwenye majani, laini, umepigwa randa. Nikapiga magoti nikaandika majina yake mawili kwa herufi kubwa. Yeye angezifuata kwa patasi, ili zege liingie kwenye mashimo na herufi zitokeze.

"Lakini kumbuka, mwanangu," akasema akiwa amenisimamia, "kwenye fomu kila kitu hutoka kinyume. Penye shimo panatoka nundu. Kulia kunakuwa kushoto."

"Najua," nikasema.

Sikujua. Wala sikusikia vizuri. Dereva alikuwa anapiga honi, na mimi "najua" nilikuwa naisema kama wengine wanavyosema "bismillahi," kabla ya kila kitu.

Zege lilimwagwa, mvua ikaanza siku mbili baadaye, saruji haikupotea hata mfuko. Siku ya kubandua mbao kijiji kizima kilikuja. Fundi alipanda ngazi mwenyewe, akang'oa misumari mmoja mmoja, akainyoosha na kuirudisha mfukoni. Ubao ukaachia.

Herufi zilikuwa zimetoka safi, hakuna iliyomeguka. Zote zilikuwa zimegeuka nyuma. Jina lilianzia kulia likaishia kushoto, kila herufi imeupa mlango mgongo. Jina lenyewe sitalitaja hapa. Anayetaka kulisoma aende na kioo.

Watu walipiga vigelegele. Kisomo cha watu wazima kilikuwa bado hakijaanza pale, na wale vijana sita, ambao walijua kusoma kuliko wote, walitazama miguu yao. Bwana Ujenzi alilitazama jina kwa muda, akanitazama mimi kwa muda mrefu zaidi, kisha akaenda kukagua nguzo za baraza. Fundi aliteremka, akasimama kando yangu, vumbi la saruji limemjaa nyusi.

"Limetoka sawa?"

Alidhani nilishaligeuza kwenye ubao. Nani angedhani vinginevyo? Alikuwa ameniambia kabisa, na nikamjibu kwamba najua.

"Limetoka vizuri," nikasema.

Nimesema uongo mwingi maishani na mwingi nimeusahau. Huo sijausahau. Niliona haya, nikapanda gari la ofisi, na mwezi uliofuata nikathibitishwa kazini.

Ulipita mwaka na zaidi. Tukawa tunajenga ghala la korosho Mtawanya na tukahitaji mafundi wa fomu. Safari hii tangazo lilitaja nyundo. Asubuhi ya kwanza alikuwa yeye dirishani, kofia safi, kikapu kilekile. Tukaamkiana. Nilimsogezea kidau cha wino atie dole, ili kumwondolea taabu. Akakisukuma pembeni kwa kidole kimoja.

"Kalamu," akasema.

Akaanza upande wa kulia wa mstari. Aliandika kwa utulivu, akielekea kushoto, herufi moja baada ya nyingine, zote zimegeuka, zimepangika kama zilivyopangika juu ya ule mlango. Nilielewa alikojifunzia.

"Mzee," nikasema, "jina hilo liko kinyume. Kosa ni langu. Niliandika vibaya siku ile, ukaniuliza, nikakudanganya."

Alimaliza herufi ya mwisho kwanza.

"Nnajua," akasema. "Nimeanza kisomo. Mwalimu kanambia wiki ya kwanza, akaleta na kioo. Darasa zima wakacheka. Nami nikacheka, baadaye."

"Sasa kwa nini hukuliandika inavyotakiwa?"

"Kuliandika inavyotakiwa nnaweza." Akaniwekea kalamu mezani. "Lakini wewe ndiwe uliyenambia saini haibadiliki. Nami yangu imo kwenye zege. Nikiandika vile kule na hivi hapa, ofisi itanijuaje?"

Hakuwa anatania, au kama alikuwa anatania, uso haukumwambia mtu. Nyuma yake foleni ilikuwa imeanza kunung'unika. Nilichukua fomu, nikagonga muhuri. Kisha kwenye nafasi ya maelezo nikaandika: "Anajua kusoma."

Alikuwa bado hajaondoka. Aliinama, akayasoma maneno yale mawili kwa sauti akiwa upande wake wa dirisha, ambako yalikuwa kichwa chini.