Njiwa wa Karantini

Karantini ile ilitugharimu mshahara wa mama wa siku kumi na kilo sita za mchele. Nimehesabu mara mbili. Juzi niliona vijiti vya kiota cha njiwa juu ya dirisha la duka, nikaikumbuka.

Mama alikuwa msafishaji hospitalini. Ugonjwa ulipoingia wodini kwake, tulifungiwa wawili ndani ya fleti yetu pale mtaa wa Weston, ughaibuni. Nyumba ilinuka klorini na vitunguu. Nje theluji ilikuwa imekwisha, na treni za mjini zilipita bila sisi. Kwenye baraza yetu ya ghorofani, juu ya vijiti vichache, njiwa alikuwa akiatamia mayai mawili. Hakuondoka, kwa hiyo nikajua: naye kafungiwa.

Mchana mmoja mama alishika ufagio. Sasa najua alikuwa akisafisha kwa hofu.

"Uchafu huu leo unakwenda."

"Mama, siku zake hazijaisha!"

"Nani kamhesabia?"

Simu ikalia. Alikuwa nesi aliyepiga kila siku kuuliza joto la miili yetu. Nikaiwahi, nikamtajia la mama na langu, kisha nikasema kuna wa tatu barazani, hataki kupimwa, na mama anamfukuza.

Nesi alicheka mno. "Mwambie mama haondolewi mtu kabla ya siku zake."

Nikamwambia. Mama, aliyebishania bei hata na mashine ya tiketi, akaurudisha ufagio jikoni.

Siku ya kumi na moja tuliruhusiwa kutoka. Alivaa koti, akafika mlangoni, akarudi barazani. Makinda wawili walikuwa wameachama midomo.

"Hebu nishauri, mwanangu," alinong'ona. "Hawa wanakula nini?"