Plagi za Kiwandani Zilizoyeyuka Njia ya Sola

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya serikali, Bariadi, Fundi Mkuu alinisalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, akanikabidhi brashi ya waya na plagi chafu. "Usisugue kwanza," akasema. "Zisome." Kumbe plagi, kile kipande cha kigae na chuma kinachotoa cheche ya kuwasha petroli ndani ya silinda, husomwa. Ikiwa nyeusi, injini inakula mafuta kupita kiasi; ya kahawia, iko salama; ikiwa nyeupe, injini inaungua.

Wakati huo Bariadi ilikuwa bado Mkoa wa Shinyanga, na spea zilitoka bohari kuu kwa kuchelewa sana. Tulisugua plagi zilezile mpaka ncha zikalika. Halafu biashara ikaachiwa huru. Nilipohamishiwa Maswa nilikuta maduka ya spea kuanzia Nyalikungu hadi Binza, rafu zimejaa. Kulikuwa na plagi za kampuni mbalimbali, na kulikuwa na zenye nembo ya kiwanda kilichounda gari. Sisi mafundi tulipenda zile za kwanza kwa sababu hazikuadimika. Mkuu wa Karakana hakutaka hata kuzisikia.

"Gari la wagonjwa halifanyiwi majaribio," alituambia. "Aliyeliunda ndiye anayejua linakula nini."

Tukafunga za nembo. Kesho yake asubuhi nikapanda gari hilo kwenda kijijini Sola ili niisikilize injini. Dereva, Masanja, alikuwa anamfuata mama aliyeshindwa kujifungua. Kwenda hakukuwa na tatizo. Kurudi, mama yule amelala nyuma pamoja na mkwewe, injini ikaanza kugonga kama kokoto ndani ya sufuria. Masanja akapunguza mwendo. Likatoa moshi, likazimika katikati ya mashamba ya pamba.

Nilifungua boneti nikachomoa plagi. Ncha haikuwepo. Chuma kilikuwa kimeyeyuka kama mshumaa. Niliziba tundu lake kwa kidole, Masanja akazungusha injini, na hewa haikukisukuma kidole changu hata kidogo. Pistoni ilikuwa imetoboka.

"Litawaka?" mama mkwe aliuliza.

"Haliwaki, mayu."

Mgonjwa alikuwa ameacha kulia, na ukimya wake ulinitisha kuliko kilio.

Masanja alikimbilia kaya ya karibu. Walikuwa wakipakia pamba kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Wakaimwaga chini palepale, wakatandika magunia. Nilitembea kando ya mkokoteni nimemshika mkono mama yule mpaka hospitali. Yeye alipona. Mtoto hakupona.

Karakanani, Mkuu alichukua plagi mpya iliyobaki kwenye boksi la nembo, akaisugua kwa kitambaa chenye petroli. Namba ya kiwanda ikafutika. Chini yake kulikuwa na namba nyingine, ya plagi inayotunza joto, ambayo kwenye injini ile lazima iwe kaa la moto. Alikaa juu ya tairi.

"Nilichagua ya kiwanda," alisema. Akarudia, "Nilichagua ya kiwanda."

Mwenye duka tulipomwonyesha hakujitetea. Alifungua boneti ya gari lake mwenyewe, akachomoa plagi, akasugua. Namba ikahamia kidoleni mwake. Naye alikuwa ameuziwa za bandia.

Tangu hapo kila plagi ilifutwa kwa petroli kwanza, urefu wa nyuzi zake za kufungia ukalinganishwa na ya zamani, namba ikatazamwa katika kitabu cha gari. Za kampuni nyingine zilizolingana tulizifunga, na Mkuu hakupinga tena.

Sasa nimestaafu. Vijana wakiniuliza wafunge ipi, nawaambia ya kiwanda ni nzuri ukiwa na hakika imetoka kiwandani. Ukikosa hakika hiyo, ya kampuni nyingine yenye namba sahihi ni salama kuliko nembo.

Mama yule wa Sola bado yupo. Tukikutana mnadani tunasalimiana, tunaulizana habari za mvua. Hajawahi kuniuliza gari lilipatwa na nini. Nami mpaka leo sijui ningeanzia wapi kumweleza kwamba siku ile tulikuwa tumechagua vizuri.