Nyongo Iliyovuja Tumboni

Baada ya kutolewa mfuko wa nyongo kwa upasuaji wa matundu madogo hospitalini Kitale, nilirudi nyumbani Chwele nikitarajia nafuu. Badala yake tumbo lilivimba, macho yakaanza kuwa ya manjano. Nilipopiga simu hospitalini, muuguzi aliniambia, "Ni gesi tu, mama, itaisha."

"Hii si gesi. Nakuja."

Mume wangu alitaka tungoje kidogo. Nikavaa viatu, nikaketi ndani ya gari la jirani mpaka naye akapanda.

Huko hospitalini, baada ya kupigwa picha ya tumbo, daktari aliyenipasua alikiri kwamba nyongo ilikuwa inavuja tumboni. Wakaniwekea mrija wa kuitoa nje. Nilienda nao hata sokoni, mfuko wake wa majimaji ya kijani ukining'inia chini ya leso, hadi nyongo ilipoacha kuvuja, wakautoa mrija.